Kweupe Ongeza, Kweusi Punguza

Umulkheir hakujiita mpiga picha, na hata leo hajiiti. Kwa watu wa mtaa wa Langoni yeye ni mpaka hina, kama alivyokuwa mamake, na ukipotea ukauliza nyumba yake utaelekezwa "kwa Umulkheir wa hina". Ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Ameingia katika vyumba vya ndani vya nusu ya mji wa Amu, yaani Lamu, akashika miguu ya wanawake mapajani mwake saa nzima nzima, akasikia mengi, na hakuna lililopata kusikika nje kutoka kwake. Sifa hiyo ya kufunga mdomo ndiyo iliyomtia katika mambo ya kamera.

Maana harusi za wanawake zilikuwa zimeingiwa na hofu. Zamani mwanamke akifika kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, huvua buibui mlangoni, akaachia nywele zake, akacheza mpaka viatu vikamshinda, akijua kwamba anayemwona ni mwanamke mwenzake tu. Simu zilipoenea, kitumbua cha raha hiyo kikatiwa mchanga. Picha moja ilitoka katika harusi moja, ikapita simu hii na simu ile, ikamfikia mume wa mtu huko Mombasa, na nyumba ya watu ikavunjika. Tangu hapo wenye harusi wakaweka mtu mlangoni na beseni, na kila anayeingia aiache simu yake humo. Lakini bibi harusi naye anataka picha ya siku yake. Ndipo watu walipokumbuka kwamba Umulkheir ana kamera.

Ilikuwa kamera ndogo ya kiganjani, nyeusi, ya aina ambayo ukiiwasha jicho lake hutoka nje kama shingo ya kobe. Alipewa na nduguye Bakr, anayevusha wageni kwa boti kule Ras Kitau. Mgeni mmoja alimwachia siku ya kuondoka kwake, na Bakr hakuona la kuifanyia. Kamera yenyewe haikuwa na laini wala intaneti. Haikuweza kutuma kitu popote. Wakinamama wakakubaliana na Umulkheir hivi: mwenye harusi atanunua kadi ya kuhifadhia picha, kadi itatiwa kwenye kamera mbele ya macho yake, na shughuli ikiisha itatolewa mbele ya macho yake na kukabidhiwa mkononi. Umulkheir atakwenda zake na kamera tupu. Kuzisafisha picha kwa kompyuta baadaye, kama wafanyavyo wapiga picha wengine, hakukuwamo katika mapatano. Lililoharibika limeharibika.

Harusi za mwanzo zilimwendea vyema, na pengine ndizo zilizomdanganya. Wale mabibi harusi waliketi mbele ya mapazia ya rangi, wamevaa nguo za rangi, na kamera ilijifanyia kazi yenyewe. Kisha ikaja harusi ya Thuwaiba, binti wa jirani, msichana ambaye Umulkheir alikuwa akimpaka hina kila Idi tangu hajui kufunga shungi. Nyumba yao ilikuwa imepigwa chokaa upya, kuta zinang'aa. Thuwaiba akakalishwa mbele ya ukuta huo mweupe, na gauni lake jeupe, na asumini nyeupe kichwani. Umulkheir alipiga picha nyingi, huku akisukumwa na viwiko vya watu, na kwenye kioo kidogo cha kamera akaona kila kitu ki sawa.

Zilipochapishwa, ukuta ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Gauni lilikuwa kama limevaliwa likapikiwa. Uso wa Thuwaiba ulikuwa na giza, macho yamezama, na ungeweza kudhani ni picha ya msiba. Mama wa Thuwaiba hakumlaumu. Alisema tu, "Ndiyo aliyoyaandika Mungu," akazirudisha picha kwenye bahasha. Laiti angalimfokea, Umulkheir angalipata pa kujitetea. Thuwaiba alikuwa keshakwenda kwa mumewe kisiwani Faza, na harusi haichezwi mara ya pili ili mtu arekebishe picha.

Akaifunga ile kamera katika kanga kuukuu, akaisukuma chini kabisa ya kasha la nguo, akarudi kwenye hina yake.

Alikuwa akichuja hina uani siku Bi Alawiya alipobisha hodi. Bi Alawiya ni mtu wa mtaa wa Mkomani, wa nyumba za kale zenye daka la kuketi mlangoni na zidaka za kuwekea vyombo ukutani, na si mwanamke wa kutembea tembea. Alikaribishwa, akaletewa kahawa, akanywa kikombe kizima kabla ya kusema lililomleta.

"Nimekuya kwa neno moya," akasema. "Mwanangu Huwaida aolewa mwezi wa mfungo nne ukiandama. Nataka uye na kamera yako."

Umulkheir akatikisa kichwa. "Bi Alawiya, hina nitampaka, na kwa furaha. Kamera nimeiweka. Zile picha za Thuwaiba…"

"Nimeziona."

Umulkheir akamjazia kikombe tena.

"Nimeziona, na bado nimekuya," Bi Alawiya akaendelea. "Picha yenye kiza haina miguu. Mimi naogopa picha yenye miguu, inayotoka nyumbani kwangu ikenda mtaani. Na liko jambo lingine. Mamangu, Bi Ghada, wamjua. Maisha yake yote hakupigwa picha ila ile ya kitambulisho. Kila mtu akimwomba, hukataa. Sasa kifua chamsumbua, na juzi amenambia mwenyewe kwamba siku ya Huwaida atakubali, mara moya, akiwa mpiga picha ni mwanamke na kadi haitoki mikononi mwetu. Kupamba tutaweka baada ya alasiri kwa ajili yake. Usiku hawezi."

Je, Umulkheir angeweza kumwambia nini? Alikubali, na Bi Alawiya alipotoka alirudi kwenye hina yake akaikuta imekauka kwenye kitambaa.

Aliitoa kamera kashani, akaitia kadi yake mwenyewe ya kujaribia, akapiga picha ukuta wa chumbani mwake, na ukuta ukatoka wa kijivu. Akawasha taa ya kamera ya kumulika, mwanga ukagonga ukuta ukarudi, na katikati ya picha pakawa na doa linalochoma macho. Akaizima. Alijua kasoro iko, hakujua iko wapi, na mwezi ulikuwa unakwenda.

Mwishowe alijifunga buibui akaenda kwa Ndirangu. Huyu ni mtu wa bara, amekaa Amu miaka mingi, ana kiduka cha picha za paspoti na za kitambulisho katika njia kuu ya Langoni. Alikuwa peke yake, anapanga karatasi.

"Karibu dada. Ni paspoti?"

"Si paspoti. Kamera yangu ina maradhi. Nikipiga picha mtu kwenye ukuta mweupe, hutoka na giza."

"Nionyeshe hizo picha."

"Siwezi."

Ndirangu akamtazama. "Ziko kwa simu?"

"Haziko kwangu. Na lau zingekuwako nisingekuonyesha, Bwana Ndirangu. Ni picha za wanawake, harusini."

"Ah. Nimeelewa," akasema, wala hakuuliza tena. Akapokea kamera, akaigeuza geuza. "Basi wacha tutengeneze zetu."

Akachukua karatasi nyeupe, akaibandika ukutani, akaijaza yote katika picha. Karatasi ikatoka kijivu. Kisha akaangaza huku na huku akatafuta kitu cheusi, akapata mfuko wa mwavuli, akaupiga picha vilevile. Nao ukatoka kijivu. Akaziweka picha mbili moja baada ya nyingine, na Umulkheir akashindwa kutofautisha ipi ni karatasi na ipi ni mfuko.

"Hii kamera iko sawa kabisa," Ndirangu akasema. "Shida ni moja, haijui inaangalia nini. Ikiona weupe mwingi, inafikiri ni jua kali, inapunguza mwanga. Ikiona weusi mwingi, inafikiri ni giza, inaongeza. Kila kitu inataka kikae katikati. Kwa hivyo wewe ndio utaiambia. Unaona hapa, imewekwa Auto, ijiamulie yenyewe? Kwa Auto haikusikii. Zungusha hiki kigurudumu mpaka kwa P, hapo inakubali kuambiwa. Sasa finya hiki kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa."

Ukatokea mstari mdogo kwenye kioo, katikati sifuri, upande mmoja kutoa, upande wa pili kujumlisha.

"Ukuta mweupe, gauni jeupe, unafanya nini?"

"Napunguza," Umulkheir akajibu haraka. "Weupe umezidi."

"Hapo ndipo kila mtu anakosea. Yenyewe imeshapunguza. Wewe ongeza, urudishe ule weupe wake. Jaribu jumlisha moja."

Akajaribu. Karatasi ikatoka nyeupe, nyeupe ya karatasi. Umulkheir akaitazama kwa muda mrefu. Aliyafikiria macho ya Thuwaiba yaliyozama, akaona kwamba yote yale yalikuwa umbali wa kitufe kimoja, na badala ya kufurahi akataka kulia.

"Kweupe ongeza, kweusi punguza," Ndirangu akasema. "Kila mara jiulize kwanza: kilichojaa hapa ni nini? Na ujue mambo mawili. Hiki kioo kinadanganya. Ndani ya chumba chenye giza, kila picha itaonekana imeng'aa hata kama haijang'aa. Pili, ukizima kamera, hii namba haifutiki. Ukiongeza leo, kesho utaikuta imeongezwa. Ukisahau, inakuharibia."

Umulkheir alirudi nyumbani akiyasema maneno hayo midomoni njia nzima. Siku zilizofuata alijifundisha. Alipiga picha kikombe cheupe juu ya shuka jeupe. Akatundika buibui lake mlangoni, akalipiga picha likatoka limefubaa, akapunguza likawa jeusi. Mkono wake mwenye hina aliupiga juu ya kila rangi ya kitambaa alichokuwa nacho. Peke yake, chumbani, aliweza. Lakini alijijua. Alijua kwamba akizungukwa na watu, vigelegele na moshi wa udi, kichwa chake hutoka kikaenda zake. Kila alipofumba macho aliuona uso wa Bi Ghada, mwanamke ambaye hajawahi kumpiga picha, ukitokea mweusi kama chungu. Bi Ghada alisema mara moja. Hakusema mbili.

Siku ikafika. Hina ya Huwaida aliimaliza siku mbili kabla, na ilikolea vizuri hata wenyewe wakasifu, na hilo halikumpunguzia kitu. Baada ya sala ya alasiri aliingia nyumba ya Mkomani, akaiweka simu yake kwenye beseni kama wengine, akapokea kadi mpya kutoka kwa Bi Alawiya, akaitia kwenye kamera mbele yake.

Huwaida alikalishwa ndani, chini ya zidaka, mbele ya ukuta wa chokaa iliyochorwa maua, na gauni lake jeupe limetandazwa miguuni. Mwanga laini ulikuwa ukiingia kutoka kiwandani, yaani ua wa katikati ya nyumba. Umulkheir akafinya kitufe, akasogeza mpaka jumlisha moja, akapiga. Akatazama. Akaongeza kidogo tena, akapiga. Ukuta ukawa mweupe, na maua ya chokaa yakaonekana moja moja, na uso wa Huwaida ukakaa katikati ya weupe huo na rangi yake ya kunde, macho yako wazi, hata kipini cha puani kinaonekana. Umulkheir alivuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akaendelea. Kila baada ya picha chache alichungulia ile namba. Iko palepale. Wanawake walikuwa wakiimba, na mara moja akajikuta akiimba nao.

Kisha Huwaida akainuliwa kwenda kubadili nguo. Aliporudi alikuwa amevaa mahameli ya rangi ya damu ya mzee, mazito, na dhahabu shingoni, na hawakumrudisha ukutani. Walimkalisha upande wa pili, juu ya kitanda cha kale cha mpingo mweusi, nyuma yake pazia jekundu lililokolea. Umulkheir alikuwa anatafuta pa kusimama, maana wageni walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, na hapo kimya kikaingia kutoka nyuma, safu baada ya safu.

Bi Ghada alikuwa anashushwa ngazi. Wanawake wawili wamemshika viwiko. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko alivyofikiriwa, amevaa nguo nyeusi na ushungi mweusi, na kila hatua alikuwa akisimama apumzike. Watu wakampisha. Akafika kitandani, akakaa karibu na mjukuu wake, akamwekea mkono juu ya kichwa, akaanza kumsomea dua kwa sauti ndogo ya kukatika katika. Huwaida akalia. Wanawake wengi wakalia. Umulkheir naye machozi yalimtoka, na kamera ilikuwa mkononi, na alipiga, akapiga, akapiga, bila ya kutazama chochote ila ule mkono mkongwe juu ya kichwa cha msichana.

Bi Ghada aliitikiwa amina, akashikwa tena viwiko, akapandishwa juu. Vigelegele vikaanza upya, sinia za halua zikapita.

Umulkheir alijitoa akasimama chini ya ngazi, mahali penye kivuli, atazame. Picha ya kwanza ikatokea. Palipokuwa uso wa Bi Ghada palikuwa na weupe mtupu. Pua haipo, midomo haipo, ni mwanga tu uliozungukwa na ushungi uliofubaa. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Aliangalia ile namba, ijapokuwa alishajua. Jumlisha moja na theluthi, kama alivyoiacha ukutani. Mahameli, mpingo, ushungi mweusi: kamera yenyewe iliona giza ikaongeza, na yeye juu yake alikuwa ameongeza.

Akakaa kwenye ngazi. Ndirangu alimwambia. Alimwambia kwa maneno hayo hayo, na yeye aliyasema midomoni siku baada ya siku. Akajua pia, pale alipokuwa amekaa, kwamba hakuna mtu mwingine anayejua. Angeweza kuirudisha namba kwenye sifuri, akapiga picha za wageni, akaikabidhi kadi, akaenda kwao. Picha zitakwenda Mombasa kuchapishwa, na mpaka zirudi, siku zitakuwa zimepita. Atasema ni aliyoyaandika Mungu. Fikira hiyo ilimjia kamili, na ikamwogopesha kuliko picha zenyewe.

Akamkuta Bi Alawiya jikoni, anagawa halua kwenye visahani.

"Bi Alawiya, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Picha za Bi Ghada. Uso umeungua kwa mwanga. Zote. Nilisahau kurudisha kamera kama inavyotakiwa."

Bi Alawiya hakuinua macho. Alimaliza kisahani kimoja, akashika kingine. "Mamangu ashapanda. Umemwona alivyoshuka. Unataka nimshushe tena?"

"Hapana. Nataka ruhusa nimfuate juu."

"Na kifua kile." Akakiweka kisahani chini kwa nguvu kidogo. "Nilikwambia mara moya. Yeye alisema mara moya." Akajifuta mikono kwa leso. "Haya, nenda. Mwambie weye mwenyewe. Akikataa, usimrudie, toka."

Chumba cha Bi Ghada kilikuwa juu, upande wa baharini, na dirisha lilikuwa wazi apate hewa. Alikuwa ameegemea mito, macho ameyafumba, kifua kinapanda na kushuka. Umulkheir akasimama mlangoni.

"Masalkheri, Bi Ghada."

"Ni nani?"

"Umulkheir. Wa hina."

"Mwana wa Mwana Khadija. Ndoo, ingia ndani. Mamako alinipaka hina mimi." Akafumbua macho. "Mbona walia?"

"Silii." Akajifuta. "Bi Ghada, zile picha hazikutoka. Nilitia mwanga mwingi. Uso wako hauonekani."

"Hauonekani vipi?"

"Ni mweupe. Kama karatasi."

Bi Ghada akafikiri. "Basi nimekufa kabla ya siku yangu," akasema, na kicheko chake kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda, na Umulkheir akapiga magoti akamshikia gilasi ya maji huku anajuta kwa nini alipanda ngazi. Kilipotulia, mwanamke yule mzee alibaki amemshika kifundo cha mkono.

"Mimi naogopa picha, wajua?" akasema. "Si kwa dini. Naogopa tu. Naona kama mtu ataniona kuliko ninavyopenda. Yeo nimejikaza mpaka nikamaliza, na weye waniambia haikutoka."

"Nisamehe."

"Nani yuko hapo nje?"

Alikuwa Huwaida. Bi Alawiya alimpenyezea habari, na alikuwa amepanda mwenyewe, mahameli ameyakusanya kwa mikono miwili, wageni amewaacha na nyimbo zao. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja akakaa kitandani kwa nyanyake, akamlazia kichwa begani.

"Upesi basi," Bi Ghada akasema. "Kabla sijageuza nia."

Sasa Umulkheir alikuwa na kamera mkononi na jua linakwenda. Kwenye dirisha mwanga ulikuwa umeshaanza kuwa manjano. Alijua ni lazima aamue, na kichwa chake kikamletea yote kwa pamoja: ongeza, punguza, kweupe, kweusi, kioo kinadanganya. Dirisha likiingia katika picha, kamera itapunguza. Likitoka, itaongeza. Akasogea hatua upande, mpaka dirisha likabaki ubavuni pake, likiwamulika wao. Akajiuliza lile swali moja alilofundishwa, kwa sauti, bila ya kujali nani anasikia: "Kilichojaa hapa ni nini?"

"Ni nguo nyeusi," Huwaida akamjibu, akidhani ameulizwa yeye.

Nguo nyeusi, mahameli, mito ya rangi iliyokolea. Weusi. Akafinya kitufe, akasogeza, akaipita sifuri, akaenda mpaka kutoa moja. Akapiga. Akatazama akikikinga kioo na mwanga kwa kiganja. Bi Ghada alikuwako, lakini macho yamezama kidogo, na Umulkheir akamkumbuka Thuwaiba. Akarudisha nyuma kidogo, kutoa theluthi mbili. Akapiga. Akapiga tena. Bi Ghada hakutabasamu wala hakuinua mkono wa dua. Alitazama moja kwa moja kwenye jicho la kamera, kama anayetazama mtu aliyekuja kumposa mwanawe.

Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa karibu, ikaitikiwa na wa pili. Bi Ghada akageuza uso. Ikawa basi.

Chini, wageni walipokwisha kutoka, Umulkheir aliifungua kamera mbele ya Bi Alawiya, akaitoa kadi, akaiweka kiganjani mwake. Bi Alawiya akaifunga katika pembe ya leso yake. "Zimetoka?" akauliza.

"Sijui," Umulkheir akasema. Lilikuwa jibu la kweli. Chumba cha juu kilikuwa kimeshaanza kuingia giza, na katika chumba chenye giza kioo kinadanganya.

Kadi ilikwenda Mombasa na shangazi wa Huwaida, kwa mwanamke mwenye mashine yake ya kuchapisha, na shangazi akakaa naye mpaka picha ya mwisho ilipotoka. Umulkheir hakupewa habari. Alipaka hina, akakosea ua moja katika mguu wa mtu, jambo lisilowahi kumtokea, akalifuta kwa ndimu akaanza upya. Akipita njia ya Mkomani, aliharakisha. Akisikia mtu anabisha hodi, alidhani ni bahasha.

Bi Alawiya hakuja. Alituma neno kwamba Bi Ghada anamtaka.

Alimkuta mzee yuko juu vilevile, ameegemea mito ileile, na kifua si kibaya siku hiyo. Albamu ilikuwa kitandani imefungwa, na picha moja ilikuwa mkononi mwake, nje ya albamu. Miwani alikuwa ameivaa.

"Kaa," akasema.

Umulkheir akakaa ukingoni. Akaiona. Weusi wa ushungi ulikuwa mweusi. Mahameli yalikuwa na rangi yake. Na katikati, ukimulikwa na dirisha, ulikuwa uso wa mwanamke mzee, mikunjo yake yote iko, hata kovu dogo la kidevuni ambalo Umulkheir hakuwa amelitambua kwa macho. Kando, Huwaida amefumba macho begani pake. Hakuna kilichoungua wala kilichozama. Umulkheir alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine.

"Nimeitazama siku ya tatu sasa," Bi Ghada akasema. "Walipoileta sikuijua. Nikawauliza, huyu mumempata wapi? Huyu ni mamangu."

"Mamako?"

"Mamangu. Mwenyewe kabisa. Alikufa kwao Kiwayu, mimi nikiwa sina hata mwaka ndani ya ndoa. Hakuacha picha. Nani alikuwa na kamera Kiwayu wakati ule? Kwenye kioo mimi huona uso wangu, siuoni wake. Hapa nimeuona." Akaigusa picha kwenye kidevu. "Hata kutazama kwake ni huku. Alikuwa akitazama watu hivi, nao wakimwogopa."

Kutoka jikoni Bi Alawiya alipanda na kahawa, akawamiminia wote wawili, na hakusema lolote juu ya ile siku. Ila alipokuwa anashuka alisimama mlangoni.

"Kuna watu wa Shela wameniuliza habari zako," akasema. "Wataka kamera, si hina. Nyumba yao nayo ni nyeupe tupu, na uwanja wao ni mchanga. Nimewaambia nitakuuliza."

Shela, jua la kwenye mchanga, kuta nyeupe, gauni jeupe, na watu wasiomjua. Umulkheir alitaka kusema kamera ameiweka. Akanywa kahawa yake kwanza.

"Waambie nitakwenda," akasema, "lakini nataka nifike siku moja kabla, nipaone pakiwa patupu."